Maradhi ya Upande wa Mama

Nawaandikia wanawake waliokaa sasa hivi kwenye viti vya kungojea, mkoba mapajani, macho kwenye bango la ukutani. Hasa nawaandikia wenye ngozi kama yangu, kwa sababu bango lile halikuchorwa kwa ajili yetu, na mimi nililiamini.

Kwangu ilianza na doa. Lilitokea chini ya titi la kushoto siku chache baada ya Idi, rangi ya zambarau iliyoiva, pana kama kiganja cha mtoto. Halikuuma. Lilikuwa na joto tu, kama vile mtu aliweka kikombe cha chai hapo kisha akakiondoa. Nilimwonyesha mama chumbani kwake. Alivaa miwani, akatazama, akaivua.

"Chetezo hicho," alisema. "Nnakwambia kila siku usikisogelee mno."

Kwetu hilo ni jibu kamili. Sisi ni watu wa Unguja tuliorudi Omani, na nyumba zetu hapa Maskati hazijaacha kujifukiza. Mwanamke akitoka kuoga hujitanda kanga, husimama juu ya chetezo chenye makaa na udi, akaiachia kanga imzunguke kama hema, moshi ukampanda mwilini mpaka shingoni. Kila mwanamke wa ukoo wangu ana alama ya moto mahali fulani, pajani au tumboni, na kila mmoja ana kisa cha kuchekesha cha alama yake. Siku za Idi chetezo hakipoi. Kwa hiyo nilipopata doa nilipata na kisa chake papo hapo, na kisa kikanitosha.

Doa halikuondoka. Kiangazi kikaingia, hewa ikawa nzito kama nguo iliyotoka kufuliwa, rutabu, tende mbichi za msimu, zikaanza kuuzwa barabarani. Titi likavimba, ngozi yake ikafanya vitundu vidogo vidogo kama ganda la danzi. Hapo nikaenda kituo cha afya cha mtaani kwetu. Daktari alikuwa kijana mpole, mgeni nchini na mgeni kazini. Nyuma yake palikuwa na bango: kifua cha mwanamke mweupe, upande mmoja umeiva wekundu kama waridi. Alinitazama, akalitazama bango, akanitazama tena.

"Hakuna wekundu," alisema kwa Kiarabu chake cha kujifunza. "Lingekuwa jambo baya, pangekuwa pekundu."

Aliniuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Nilisema hapana, na ndivyo nilivyojua. Akasema umri wangu bado. Picha ya matiti hupigwa mwanamke akifika arubaini, ila awe na ugonjwa huo katika familia. Akanipa vidonge na malhamu ya kupaka. Nilitoka nimefurahi. Nilipitia sokoni Mutrah nikanunua udi mwingine.

Aliyenishtua ni mdogo wangu, Ibtisam, ambaye tunamwita Ibti. Alikuwa ameposwa na kijana wa watu wa Sidab, Wazanzibari kama sisi, na mama alikuwa ameanza kumtengenezea singo, ule mchanganyiko wa maua, liwa na viungo ambao bibi harusi husuguliwa mwili mzima mpaka ngozi ing'ae. Mama akisaga husaga kana kwamba anatayarisha mtaa mzima. Ibti akasema hakubali kung'ara peke yake, akanilaza mkekani asubuhi ya Ijumaa, akanisugua mgongo, mabega, akaingia kwapani. Mkono ukasimama.

"Dada, hiki nini?"

"Kipi?"

"Hiki. Kama kokwa ya tende."

Nikakaa. Akaniambia niondoe kanga kifuani. Singo ni ya manjano, na ilikuwa imemwagikia titi langu alipokuwa akinipaka. Alipoifuta, haikufutika yote. Ilibaki katika kila kitundu cha ngozi, nukta za manjano zisizo na idadi, na kwa mara ya kwanza niliuona ugonjwa wangu wote kwa mpigo, umechorwa kwa maua ya harusi ya mtu mwingine. Nilistaajabu kabla ya kuogopa. Ulikuwa na mpangilio, kama anga.

"Umekwenda hospitali?" Ibti aliuliza.

"Nimekwenda. Wamesema hakuna wekundu."

"Wekundu utoke wapi? Weye umewahi kuwa mwekundu lini? Hata ukiona haya hugeuki rangi."

Tukacheka, mikono yetu imejaa singo. Kisha akanawa, akachukua funguo za gari.

Hospitali kubwa ina baridi ambayo nchi yetu haina mahali pengine popote. Wanawake hukaa wamejikunyata ndani ya mabaibui, televisheni inapika vyakula bila sauti, na jina lako likiitwa unasimama haraka, utadhani umefumaniwa. Nitawaambieni rehema ya mahali pale. Bibi mmoja wa Kiomani, simjui jina mpaka leo, alikuwa akija na chupa ya kahawa na kikopo cha tende. Alikuwa mgonjwa kama sisi. Alimpitia kila mtu, akammiminia kila mtu kikombe kidogo, akasimama mbele yako mpaka unywe. Hakukuuliza unaumwa nini. Alikuuliza, "Tamu?"

Daktari niliyepelekwa kwake nitamwita Daktari Thuraya. Ni mwanamke mtu mzima, mweusi kama mimi, mwenye sauti ya chini. Alinishika kwapani na titini amefumba macho, muda mrefu, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akafumbua.

"Hapa ndipo pekundu," alisema, akaweka kidole kwenye zambarau yangu. "Kwenye ngozi yetu ndivyo unavyokuja. Unakuja kama kivuli. Na usione ajabu kwamba wewe bado kijana. Sisi wanawake weusi ugonjwa huu hutujia mapema, na mara nyingi hutujia kwa kasi. Lakini sisi ndio tunaoambiwa tusubiri."

Waliingiza sindano, wakachukua kipande cha nyama yangu kidogo kama uzi. Wiki iliyofuata jina la ugonjwa likasemwa, na sitalirudia hapa kwa kirefu, kwa kuwa kila mmoja wenu ana lake. Ilikuwa saratani, ilikuwa imeshaingia kwenye ngozi na tezi za kwapani, na dawa zingetangulia kabla ya kisu.

Siku ile tuliingia wote kwa Daktari Thuraya: mimi, Ibti, mama, na baba. Baba ni mstaafu wa wizara, mtu wa kilemba kilichonyooka na majibu yaliyonyooka. Daktari akauliza kuhusu ukoo, nani aliugua nini. Baba akakohoa kidogo, akaanza. Akataja baba yake, na babu yake, na baba wa babu yake, bin fulani bin fulani, akavuka bahari nao, akapanda milima mpaka kijiji kimoja cha ndani karibu na Nizwa.

"Wote hao," alimalizia, "walikufa kwa uzee, au baharini, au kwa upanga. Hamna saratani kwetu."

"Na wanawake?" daktari aliuliza.

"Wanawake wepi?"

"Wale waliowazaa hao."

Baba akafikiri sana. "Walikuwapo," alisema.

Ibti alicheka mpaka akatoka nje kukohoa. Daktari hakucheka. Alimgeukia mama.

"Na wewe, bibi? Mama yako alikufa kwa maradhi gani?"

"Kwa kadari ya Mungu."

"Alikuwa na umri gani?"

"Mtu mzima," mama alisema, akafunga kifungo cha mkoba wake ambao haukuwa wazi.

Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu. Muuguzi aliileta imefunikwa, na alipoifunua ilikuwa rangi ya sharbati tunayofuturia Ramadhani. Niliiona ikishuka ndani ya mrija, ikageuka kona, ikaingia mkononi kwangu bila kelele. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile kikifanya kazi mbaya kama ile. Kiangazi kizima nilikihesabu kwa dawa nyekundu. Baada ya ya kwanza, chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Baada ya ya pili, nilipitisha kitana nywele zikaja nazo zote, nyepesi, kama zilikuwa zimewekwa tu juu ya kichwa changu kwa muda. Ibti alinyoa zilizobaki. Alinitazama akasema nina kichwa kizuri, ni makosa ya Mungu kukifunika miaka yote hiyo, na mama akamwambia aombe istighfari.

Hakuna aliyeniambia kuhusu weusi. Vijitabu vyote vinasema utapauka, uso utakuwa mweupe kama karatasi. Mimi niliiva. Kucha zikafanya mistari ya rangi ya makaa, viganja vikapata madoa, ulimi ukawa kama nimekula zambarau. Shangazi mmoja alikuja kunitazama, akamnong'oneza mama kwa sauti ambayo nami niliisikia, "Mtoto amekuwa mweusi." Aliyasema kwa huzuni zaidi ya alivyosema saratani. Ikiwa nawe unaivishwa na dawa, jua kwamba ni dawa. Ngozi yetu hulijibu jambo kwa rangi iliyo nayo. Mimi nilikuwa nikiviweka viganja vyangu dirishani, kwenye mwanga, nikivitazama. Vilikuwa na ramani ambayo hapo kabla haikuwapo.

Joto lilipoanza kupungua, majibu ya damu yakaja, yale ya kutafuta kama ugonjwa umerithiwa. Tuliitwa mimi na Ibti. Daktari Thuraya alikaa upande wetu wa meza.

"Wameona badiliko kwenye vinasaba vyako," alisema. "Lakini hawajui maana yake. Hulinganisha damu ya mtu na za watu waliopimwa zamani, na wengi waliopimwa ni wanawake weupe. Wanawake weusi ni wachache mno. Kwa hiyo damu yako imesema neno ambalo pengine hakuna maabara iliyowahi kulisikia."

Sijui kwa nini nililia pale na si siku nyingine. Haikuwa huzuni tu. Nilihisi nimebeba herufi ya lugha ambayo wasemaji wake hawakuulizwa kamwe.

"Kuna njia moja," aliendelea, akimtazama Ibti sasa. "Nikijua kwamba wanawake wa upande wa mama yenu waliugua matiti wakiwa vijana, nitaliona badiliko hili kuwa ni baya, na wewe utaingia mashine ya sumaku, ya kupiga picha matiti, mwezi huu huu. Nisipojua, wewe ni msichana wa miaka ishirini na saba, mzima, na utaambiwa usubiri arubaini. Kama alivyoambiwa dada yako."

Basi ikawa hivyo. Mashine zote zile, maabara zote za ng'ambo, zilikuwa zimefika mwisho wa ujuzi wao, na kilichobaki kilikuwa kinywani mwa mama yangu.

Tulimkuta jikoni akichambua mchele. Ibti alimweleza yote, neno kwa neno. Mama aliendelea kuchambua.

"Nimeshasema. Mamaangu alikufa kwa kadari."

"Kila mtu hufa kwa kadari, Mama," Ibti alisema. "Hata anayegongwa na gari. Lakini gari linatajwa."

"Na watu wa Sidab? Wakiuliza asili yako, na maradhi ya kurithi juu yake, watakuchukua?"

"Asili yangu gani? Sitazami kioo? Hawanioni?"

Mama akaweka ungo chini. "Rangi inaonekana, mwanangu. Asili haisemwi. Ni vitu viwili. Weye hujui neno lililokuwa likitumiwa kwa watu. Mimi nnalijua, niliitwa nalo skuli, hapa hapa Maskati, tulipofika. Khadimu. Mtoto wa watumwa. Babaako alinioa kwa sababu hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyejibu."

"Kama watanirudisha kwa ajili ya bibi aliyekufa," Ibti alisema polepole, "bora wanirudishe na matiti yangu."

Mama aliinuka akatoka. Kwa wiki nyingi hawakusemezana ila kwa kupitia mimi. "Mwambie mdogo wako chakula tayari." "Mwambie mama yako sina njaa." Nami nilikaa katikati, sina nywele, nikipeleka ujumbe.

Kisu kilikuja wakati wa mvua ya kwanza ya baridi, mvua ile ambayo hapa kila mtu hutoka nje kuitazama. Niliamka upande mmoja wa kifua changu umekuwa tambarare, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba moyo wangu uko karibu sana na nje. Niliweza kuuona ukipiga. Miaka yote ulikuwa umefichwa chini ya titi, ukifanya kazi yake bila shahidi. Niliutazama siku nzima.

Niliporudi nyumbani mama alikataa muuguzi. Alisema atanisafisha mwenyewe. Alisubiri adhuhuri, chumba kikiwa cheupe kwa mwanga, akaosha mikono mpaka viwiko, akaifungua bendeji kidogo kidogo. Kovu lilikuwa refu, limeshonwa vizuri. Mama alilitazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akainama, akaleta pua yake karibu kabisa na kifua changu, akanusa. Akanusa tena.

"Halinuki," alisema.

"Kwa nini linuke?"

Aliketi kitandani, bendeji mkononi. "La mamaangu lilikuwa likinuka. Tukichoma udi chumba kizima, na bado." Kisha yakaja yote, kwa sauti ya mtu anayesoma. "Alikuwa mdogo kuliko weye. Walituambia jipu. Jipu lilikuwa jeusi, likawa gumu, likapasuka. Hatukuletewa daktari, kwa sababu daktari ni mwanamme na kwa sababu babaangu alisema kifua cha mke wake si cha kutazamwa. Nilikuwa mtoto, nikipeleka vitambaa kufua. Siku moja nilimwambia, Mama, unanuka. Akavuta shuka."

Nilimshika mkono.

"Na mamaake yeye?" niliuliza.

"Zafarani." Sikuwahi kulisikia jina hilo maishani mwangu. "Walimpa jina hilo wao. Lake la kwao halikujulikana. Alikuwa Mnyasa, aliletwa Unguja mtoto mdogo, akakulia katika nyumba ya bwana, akamzalia. Mamaangu akisema kwamba Zafarani naye alifungwa kitambaa kifuani, wala hakukiondoa mpaka alipokufa, wakoshaji wakamwosha. Na dada yake mamaangu. Na mdogo wao. Wote, mwanangu. Wote kifuani. Mimi nilidhani Mungu amenisamehe mimi na nyinyi."

Alinifunga bendeji mpya. Chumba kilikuwa kimejaa. Wanawake wale ambao hakuna aliyewaandika, ambao baba aliweza kuvuka bahari na kupanda milima bila kukutana na hata mmoja wao, walikuwa wamekaa ndani ya damu yangu muda wote huu. Walikuwa ndio neno ambalo maabara haikulielewa. Nilikuwa nimempata Zafarani kwa njia pekee aliyoweza kunifikia.

Asubuhi mama alivaa baibui lake la kutokea, akamwambia Ibti moja kwa moja, bila kupitia kwangu, "Washa gari." Alimweleza Daktari Thuraya kwa Kiarabu, jina baada ya jina. Daktari alichora duara kwa kila mwanamke, akaweka weusi ndani ya kila duara la aliyeugua. Mama alitolewa damu naye. Majibu yalipokuja, badiliko lile lile lilikuwamo. Ibti akapewa siku ya mashine.

Lakini kabla ya siku hiyo kufika, mama alitutaka twende Sidab. Mama mkwe mtarajiwa, Bi Khola, alitukaribisha kwenye sebule inayonukia kahawa na papa mkavu kwa pamoja. Mama hakugusa kikombe.

"Bi Khola, nimekuja na khabari ambayo ilinipasa kuileta siku ya posa. Mamaangu mzazi alizaliwa na suria wa Kinyasa, akiitwa Zafarani. Na kwetu kuna maradhi ya matiti, yanakwenda kwa damu. Huyu mkubwa mnamwona. Mdogo anakwenda kupimwa. Mkitaka kurudi nyuma, rudini sasa, hatutowalaumu."

Bi Khola alimwangalia kwa mshangao wa kweli.

"Zafarani wa Malindi ya Unguja? Aliyekuwa akisuka wake za watu?"

Mama akainua macho.

"Bibi yangu alikuwa akisukwa naye. Kwani weye ulidhani hatulijui hilo? Tungekuja kuposa bila kuuliza? Na bibi yangu miye alikuwa Mmanyema, aliletwa Unguja vivyo hivyo, kama hukuambiwa."

Nilimtazama mama. Maisha yake yote alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mlango ambao haukuwa na kitasa. Mji mzima wa zamani ulimjua Zafarani, isipokuwa vitukuu wawili waliombeba.

"La maradhi ndilo sikulijua," Bi Khola aliongeza, na uso wake ukabadilika. Alizungusha kikombe. "Basi apimwe kwanza. Harusi itangoja."

Garini Ibti aliuliza kama hilo lilikuwa ndiyo au hapana.

Katika titi la kulia la Ibti mashine ya sumaku iliona kitu kidogo kama punje ya ufuta. Mkono usingekiona. Singo isingekionyesha. Bango lisingekiota kwa miaka. Kilikuwa ni kile kile, kabla hakijajifunza kutembea. Walikitoa kizima, na Ibti hakuonja dawa nyekundu hata tone moja. Daktari Thuraya alipotuambia, alivua miwani akafuta macho bila kuficha. Baba, aliyekuwa mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo jina la mama wa mama yake mwenyewe lilikuwa nani, akatambua kwamba halijui, na hakuna tena wa kumwuliza.

Bi Khola alikuja hospitali na sufuria ya supu ya kuku. Hakusema lolote kuhusu harusi. Alimlisha Ibti kijiko kwa kijiko kama mtoto, na Ibti, ambaye hajawahi kunyamaza, alikula kimya. Ibti na kijana wake waliozeshwa baada ya majira ya baridi.

Mimi majira hayo nilikuwa kwenye mionzi. Baba alinipeleka kila asubuhi kwa njia ya ufukweni, ingawa si ya karibu, kwa kuwa alitaka nione bahari. Meli za watalii zilikuwa zimefunga gati bandarini Mutrah, na wageni wakishuka wamebabuka jua, mabega mekundu, pua nyekundu. Niliwatazama bila kijicho, nikistaajabu jinsi mwili wao unavyosema wazi. Yule anayeendesha mashine ya mionzi aliniuliza kama kuna wekundu. Nikamwambia, "Uliza kama kuna weusi." Akafikiri, akauliza hivyo. Akamwuliza na aliyenifuata.

Duka la hospitali lilituuzia titi la bandia la rangi ya unga mbichi. Muuzaji alisema hiyo ndiyo rangi ya mwili. "Mwili wa nani?" Ibti alimwuliza. Silivai. Napenda kuuona moyo wangu.

Sasa nywele zimerudi, laini kuliko za zamani. Miezi imepita tangu nilipochomwa sindano ya mwisho, na hospitali tunakwenda kuangaliwa tu. Mara ya mwisho ilikuwa zamu ya Ibti. Aliitwa ndani, tukabaki mimi na mama kwenye viti. Kando yetu alikaa msichana mweusi amevaa sare ya kazi za ndani, amemshikia kikongwe mmoja wa Kiomani kiti cha magurudumu. Kikongwe alikuwa amelala. Mama alimtazama msichana. Akamtazama tena. Akajisogeza.

"Hujambo, mwanangu. Jina lako nani?"

"Prossy, madam. Natoka Uganda."

"Mamaako yu hai?"

"Yuko."

"Na mamaake yeye? Alikufa na nini?"

Msichana alicheka kwa mshtuko. "Eh, madam. Hiyo ni swali gani? Mimi siko mgonjwa. Nimeleta tu huyu mzee."

"Nnajua huumwi. Mimi pia siumwi. Jibu, ni swali la dawa."

Prossy akaacha kucheka. Alimtazama mama, kisha mimi, na macho yake yakashuka kwenye kifua changu, upande uliolala, yakakaa hapo.

"Walisema ni uchawi," alisema. "Jaja wangu, huyo mama ya mama. Alikuwa na kidonda, hapa." Mkono wake ukapanda wenyewe, ukagusa juu ya titi. "Na dada ya mama pia. Hapa hapa. Lakini huko kwetu hatusemangi."

"Hata sisi," mama alisema.

Alitoa mkoba wake kwenye kiti cha kati, akauweka sakafuni, akakipangusa kiti kwa ncha ya shela.

"Njoo ukae hapa karibu. Daktari akitoka, ntamwambia tuko pamoja."